Janga, Mpaka na Ushirikiano wa Kikanda: Nyanda za Juu za Kigoma kutoka Malale hadi UVIKO-19

Mpaka kati ya nyanda za juu za Kigoma na Burundi una umri mfupi kuliko inavyodhaniwa. Chini ya Wajerumani, Buha na Urundi zilikuwa sehemu za koloni moja. Kati ya 1916 na 1921 zote mbili zilishikwa na Wabelgiji. Makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919 ndiyo yaliyoiacha Urundi mikononi mwa Ubelgiji na kuiweka Buha chini ya Waingereza. Mwaka 1921 Ubelgiji ilipewa pia maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Kwa hiyo mstari wa kuwatenga watu na njia ya kupitisha bidhaa vilitokana na mazungumzo yale yale. Makala haya yanadai kwamba majanga ya maradhi hayakuvunja ushirikiano katika eneo hili, bali yaliuchambua: mzigo ulipewa njia, mtu akawekewa kizuizi.

Mfano wa awali ni malale. Ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, na hofu yake ikazikutanisha dola zilizokuwa zikishindana. Mikutano ya London ya 1907 na 1908 ilishindwa kuunda ofisi ya kimataifa, lakini Oktoba 1908 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kupashana habari za maradhi, kujenga kambi za wagonjwa na kuwazuia walioshukiwa kuambukizwa wasivuke mpaka. Wenyeji, ambao ndio waliokuwa wakifa, hawakuwa na kiti katika mazungumzo hayo.

Katika Buha athari kubwa zaidi ilikuja baadaye. Kuanzia 1933 serikali ya Tanganyika ilizihamisha kaya zilizotawanyika katika maeneo yenye mbung'o na kuzikusanya katika makazi ya pamoja. Hata hivyo, Buha hiyo hiyo ilihesabiwa kuwa hazina ya vibarua. Ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoundwa mwaka 1944, SILABU, iliajiri manamba kutoka nyanda hizi na kuwapeleka mbali na kwao. Muha aliyeambiwa mwendo wake ni hatari kwa afya ya umma ndiye aliyetakiwa asafiri mamia ya kilomita mkonge ulipomhitaji.

Mwaka 2020 mpangilio huo ulijirudia, ingawa kwa sura tofauti upande wa kaskazini na upande wa magharibi. Rwanda ilifunga mipaka yake mwezi Machi, isipokuwa kwa mizigo na raia wanaorejea. Baadaye ilitaka malori yabadilishiwe madereva mpakani, na mwezi Mei madereva wa Tanzania waligoma Rusumo, kaskazini mwa Kakonko na Kibondo, hadi mawaziri wa nchi mbili wakakaa kutafuta suluhu. Tarehe 12 Mei wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana kwa video na kuridhia mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva. Tanzania, iliyokuwa imeacha kutoa takwimu za maambukizi tangu mwisho wa Aprili, haikushiriki. Burundi nayo haikushiriki. Siku chache baadaye Burundi iliwafukuza maofisa wa Shirika la Afya Duniani, na tarehe 20 Mei ikafanya uchaguzi mkuu.

Hivyo majirani wawili wanaokutana Manyovu na Mabamba walikuwa ndio waliojitenga na msimamo wa wenzao. Janga lililozua ugomvi Rusumo liliwasogeza hawa karibu. Rais Évariste Ndayishimiye alifanya ziara yake ya kwanza nje ya nchi tarehe 19 Septemba 2020, akakutana ana kwa ana na Rais John Magufuli mjini Kigoma, wakati viongozi wengi duniani walikuwa bado wakizungumza kupitia skrini. Ni vigumu kuiona ziara hiyo kama desturi tu ya kidiplomasia: Burundi hutegemea sana bandari ya Dar es Salaam, na Tanzania ilitaka wakimbizi warudi kwao.

Ukaribu huo haukuwapa nafuu wakimbizi wa Nduta, Mtendeli na Nyarugusu. Kwa haki, si kila zuio lilitokana na virusi: sheria ya mwaka 1998 ilikwisha kuwafunga kambini pasipo kibali, na masoko ya pamoja waliyouziana na Waha, ambao lugha yao inasikilizana na Kirundi, yalifungwa kabla ya janga. Misafara ya kuwarejesha Burundi, iliyoanza Septemba 2017 chini ya makubaliano ya pande tatu, iliendelea kubeba maelfu mwaka 2020. Mkimbizi aliyezuiwa kwenda sokoni Kibondo aliruhusiwa kuvuka mpaka wa kimataifa, mradi avuke kuelekea upande mmoja.

Januari 2021 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na ya ziwani. Mizigo ikaachwa ipite. Mtendeli ilifungwa Desemba mwaka huo, na waliobaki humo wakahamishiwa Nduta, wilayani Kibondo.