Ndinga ya 1971 Ambayo Makovu Yake Hayapakwi Rangi

Ukiiacha lami pale Lusahunga, wilayani Biharamulo, ukaingia barabara za vijijini kuelekea upande wa Ngara wakati wa kiangazi, gari lako linabadilishwa rangi bila kumlipa fundi. Liwe jeupe, liwe la bluu, jioni ni jekundu tupu. Vumbi la kule halina ubaguzi. Linaingia kwenye bawaba za milango, chini ya mazulia, mpaka kwenye kona ambazo maji ya kuoshea hayafiki. Wengi wanaliona kero. Ila kuna ndinga moja maarufu duniani ambayo heshima yake yote ilitoka kwenye barabara za vumbi na matope za Afrika Mashariki.

Ni Datsun 240Z. Gari la spoti la Kijapani, milango miwili, pua ndefu, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita. Mwaka 1971 lilishinda Safari Rally, likiendeshwa na Edgar Herrmann, na Hans Schüller akisoma njia. Nafasi ya pili ikashikwa na 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta, kijana wa Uganda ambaye mwaka 1973 alirudi na gari la aina hiyo hiyo akachukua ubingwa wake wa kwanza kati ya mitano. Enzi hizo Safari haikuwa mchezo wa Kenya peke yake. Ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia zake zilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye ikawa Tanzania.

Majina ya madereva yapo kwenye vitabu. Wapiga rangi je? Hakuna anayewataja. Na kumbe kazi yao ndiyo inayowaumiza vichwa wafufuaji wa magari leo.

Mtu akinunua mkweche wa 240Z na kutaka kuurudisha "kama ulivyotoka kiwandani", mambo hayaishii kuchagua nyekundu kali na kupuliza. Kila rangi ilikuwa na namba yake. 110 ni nyekundu. 918 ni ya chungwa. Ipo hata 920, ya dhahabu, iliyopewa jina la Safari Gold. Ukikosea namba, umetengeneza gari lingine.

Halafu kuna mitego. Chumba cha injini cha 240Z kilipakwa rangi ile ile ya bodi, lakini mafundi wengi wanakipiga nyeusi kwa sababu inaficha uchafu. Injini yenyewe ilikuwa ya bluu. Paneli inayozunguka taa za nyuma ilikuwa ya kijivu, hata kama gari zima ni jekundu. Mng'ao nao ni kesi. Rangi za kawaida za miaka ile hazikuwa na klia juu yake, ile inayong'aa kama kioo. Kwa hiyo gari lililofufuliwa likimeremeta kiasi cha kujionea sura na kuchania nywele, mjuzi anatikisa kichwa. Limependeza, sawa. Ila kiwandani halikutoka hivyo.

Sasa njoo kwenye gari la ushindi lenyewe. Bodi nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa. Ile nyeusi haikuwa pambo. Jua likipiga boneti inayong'aa, mwanga unamrudia dereva machoni, na katika mashindano ya maelfu ya kilomita hiyo ni hatari. Yaani "urembo" ambao watu wanauiga mpaka leo ulikuwa dawa ya jua letu.

Gari hilo lipo Japani, limehifadhiwa na Nissan. Walipolifufua hawakulinyoosha likawa jipya. Mikunjo ya bodi na michubuko ya safari imeachwa ionekane. Wangetaka, wangepiga puti, wakapitisha msasa, wakapuliza 110 mpya, na kufikia jioni kusingekuwa na Safari tena juu ya bati lile. Hapo ndipo neno "sahihi" linapogeuka swali: sahihi ya siku ipi? Siku lilipotoka kiwandani, au siku lilipoandika historia?

Swali hilo si la Japani tu. Ngara wanalo la kwao. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya takribani saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Kambi ya Benaco ikageuka mji mzima. Waliokuwepo wanakumbuka magari meupe ya mashirika, herufi za bluu mlangoni, vumbi jekundu hadi kwenye vioo. Gari kama hilo likija kuuzwa, kazi ya kwanza ya mnunuzi ni kufuta zile herufi. Ni haki yake, gari ni lake. Lakini siku fundi wa gereji akikwangua mlango na kukuta nyeupe chini ya kijani, na kivuli cha herufi chini yake, anakuwa ameshika ukurasa wa historia mkononi bila kujua.

Fundi huyo hana haja ya kuacha kupaka. Mwenye gari anataka kupendeza, na njaa haisubiri makumbusho. Ila kabla ya msasa kupita, simu anayo mfukoni. Picha moja ya rangi ya chini, namba iliyoandikwa ndani ya boneti, na kasehemu kadogo kaachwe bila kuguswa nyuma ya kiti. Haigharimu hata shilingi.

Rangi mpya inanunulika dukani. Ile ya zamani ikishakwanguliwa, imetoka.

Gari la babu lingekuja mikononi mwako leo, ungeling'arisha, au ungeacha makovu yake yaongee?