Mtaji ulio tumboni mwa ng'ombe: mambo ambayo mnunuzi na msafirishaji wapaswa kuyajua

NYAKIRIBA, RUBAVU – Mfanyabiashara anayenunua ng'ombe katika sekta ya Nyakiriba, wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, ananunua pia mabilioni ya vijidudu wasioonekana kwa macho. Wakifa au wakivurugika njiani, hasara ni yake.

Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kumeng'enya nyuzinyuzi za majani. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, protozoa na kuvu wanaoishi katika tumbo la kwanza, yaani rumeni. Kwa ng'ombe mkubwa tumbo hilo huchukua zaidi ya lita 100. Ndani yake hamna hewa ya oksijeni, na joto ni kama nyuzi 39. Vijidudu huchachusha majani na kutoa asidi ambazo humpatia ng'ombe takriban asilimia 70 ya nguvu anazohitaji. Nao wenyewe, wakishuka katika tumbo la nne, humeng'enywa na kuwa protini. Ndiyo maana matete na majani makavu hugeuka kuwa nyama na maziwa.

Kwa biashara, yapo mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza ni uzito. Katika safari ndefu bila chakula wala maji, ng'ombe kupungua asilimia 5 hadi 10 ni jambo la kawaida. Kwa ng'ombe wa kilo 300, hizo ni kilo 15 hadi 30. Mwanzoni kinachopotea zaidi ni shehena ya tumboni, mkojo na kinyesi. Baadaye ni maji ya mwilini na nyama yenyewe. Kwa hiyo patana mapema kama bei itafuata uzito wa kupakia au wa kushusha.

Pili ni gesi. Uchachushaji hauachi hata lori linapotembea, na ng'ombe hutoa gesi hiyo kwa kubeua. Akianguka na kulala ubavu hawezi kubeua vizuri. Tumbo hujaa na anaweza kufa upesi. Utingo akague mizigo kila gari linaposimama, na aliyeanguka ainuliwe mara moja.

Tatu ni chakula cha kufikia. Wengi humpa ng'ombe mwenye njaa mahindi au viazi ili arudishe uzito haraka. Hilo ni kosa. Wanga mwingi kwa ghafla huongeza bakteria wa asidi, wale wa majani hufa, na mnyama huharisha, hudhoofika au hufa. Mpe maji na majani makavu kwanza. Nafaka iongezwe kidogo kidogo kwa wiki 2 hadi 3, kwani vijidudu huhitaji muda huo kuzoea.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji: ng'ombe huyu alikuwa akila nini? Jibu lake lina thamani ya fedha.