Nyaraka za Mises, kutoka Vienna hadi Moscow
Nyaraka za mwanauchumi Ludwig von Mises, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Vienna na mwaka 1912 akachapisha kitabu mashuhuri kuhusu fedha, zilipitia mikono mingi. Mwaka 1934 alikwenda Geneva kuwa profesa, akaacha barua, miswada na hati zake nyumbani Vienna. Machi 1938 Ujerumani ilipoitwaa Austria, polisi wa Hitler waliivamia nyumba hiyo wakazibeba. Vita vilipokwisha, jeshi la Kisovieti lilizikuta Bohemia, likazisafirisha hadi Moscow, zikafungiwa katika hifadhi ya siri kwa miongo kadhaa. La kusikitisha zaidi, mwenyewe alifariki New York mwaka 1973 bila kujua kwamba bado zipo. Watafiti walizifikia katika miaka ya 1990, baada ya dola ya Kisovieti kusambaratika.