Mpaka Usogezwao kwa Mkono

Ilipotoka VisiCalc mwaka 1979, programu ya majedwali ya hesabu waliyoitunga Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, skrini ya kompyuta ya Apple II ilionyesha herufi 40 tu katika mstari mmoja, ilhali jedwali lenyewe lilikuwa na safu za wima 63 na za ulalo 254. Kwa hiyo mwenye hesabu ndefu, ili asipotewe na vichwa vya safu zake kila ateremkapo, alipewa amri ya kuikata skrini pande mbili pale kishale kiliposimama, upande mmoja ukatulia na wa pili ukaenda atakako. Mpaka huo haukuburutwa kwa kipanya, lakini mamlaka ya kuigawa nafasi yalikuwa yamekwisha kutoka kwa fundi na kuingia kwa mtumiaji, na hilo kwangu ndilo asili ya mpaka wa skrini usogezwao kwa mkono.

Kabla ya hapo, katika maabara ya Xerox PARC huko California, Larry Tesler alikuwa ameitengenezea lugha ya programu ya Smalltalk dirisha moja lenye vyumba kadhaa, ambamo kuteua jina katika chumba kimoja kulibadili yaliyomo katika chumba jirani. Baadaye madirisha yenyewe nayo yaligawana skrini: Windows ya kwanza, ya mwaka 1985, iliyapanga ubavu kwa ubavu. Toleo la pili, mwaka 1987, likayaruhusu kupandana.

Mwaka 1989 Motif, maktaba ya vipande vya programu kwa mafundi wa mfumo wa Unix, ilileta kidirisha cha vyumba vilivyopangwa juu na chini, chenye kishikio kidogo cha mraba cha kuusogezea mpaka. Windows 95 ikaizoesha kaumu ya watu sura ya folda kushoto na yaliyomo kulia. Kisha, Desemba 1998, lugha ya programu ya Java, toleo la 1.2, ikaja na JSplitPane, kidirisha cha pande mbili zenye mpaka wa kusogezwa kati yake, ambacho taratibu zake zastahili kutazamwa kwa makini: mpaka haukubali kuvuka kipimo cha chini kabisa cha kila upande; dirisha likipanuliwa, nafasi yote ya ziada huenda kulia au chini, isipokuwa mtunga programu ameagiza mgao mwingine; na akiuweka mpaka kwa uwiano, tuseme nusu kwa nusu, kabla dirisha halijatokea skrinini, agizo lake halina athari.

Kanuni ya kipimo cha chini ni ya haki, kwa kuwa yazuia upande mmoja usiumeze mwingine. Lakini fundi akikiacha kipimo hicho kikubwa kupita kiasi, mtumiaji huvuta mpaka usiosogea, naye amedhulumiwa hiari aliyoahidiwa. Nawasihi basi vijana wetu wanaotunga programu: vipunguzeni vipimo hivyo kwa busara, na programu ifungwapo, hifadhini mahali mpaka ulipoachwa, ili mwenyewe arudipo kesho aukute palepale alipouweka.