Twiga wa Malindi na Idhini ya Mbingu

LWIRO, Kivu Kusini — Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi, mji wa pwani ya Kenya ya leo, walifika mbele ya Kaisari Yongle wa China wakiwa na twiga aliyevushwa Bahari ya Hindi akiwa hai. Mwaka mmoja kabla, mtawala wa Bengal alikuwa amempelekea Kaisari huyohuyo twiga wake, naye pia alikuwa mnyama wa Afrika. Shen Du, bingwa wa mwandiko katika kasri, alimtungia twiga huyo shairi la sifa, na mnyama akachorwa. Katika nakala ya picha hiyo iliyohifadhiwa Taipei, twiga amesimama kichwa juu, hatamu usoni, madoa yake yamechorwa kama matundu ya wavu. Chini yake yupo mtu aliyeshika kamba, naye amemwinulia macho.

Wakuu wa kasri walisema huyo ni qilin. Vitabu vyao vya kale vilimtaja mnyama wa ajabu mwenye mwili wa kulungu na mkia wa ng'ombe, ambaye pembe yake imefunikwa nyama ili isimjeruhi mtu, na anayekanyaga kwa uangalifu asiue hata mdudu. Iliaminika kwamba hujitokeza pale tu nchi inapotawaliwa kwa haki. Kumbukumbu za dola ya Lu, nchi ya mwalimu Confucius, zinasimulia kwamba qilin alinaswa huko mwaka 481 KK, na mapokeo yanasema mwalimu huyo alilia aliposikia, kwa kuwa mnyama wa heri alikuwa amekuja katika zama za uovu.

Kwa hiyo twiga wa Malindi alibeba ujumbe mzito kuliko biashara. Ukiuelewa ujumbe huo, umeshaingia katikati ya dini na falsafa ya jadi ya Wachina.

Mtawala anapewa, na ananyang'anywa

Kaisari Yongle, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Zhu Di, alitwaa kiti mwaka 1402 baada ya vita dhidi ya mtoto wa kaka yake, aliyekuwa mrithi halali. Msomi mashuhuri Fang Xiaoru aliamriwa aandike tangazo la kumsimika mtawala mpya. Alikataa, akauawa, na jamaa zake wakauawa pamoja naye. Mtu aliyeingia madarakani kwa njia hiyo alihitaji ishara kwamba Mbingu imemkubali.

Wazo hili la idhini ya Mbingu lina umri wa miaka 3,000 hivi. Takriban mwaka 1046 KK ukoo wa Zhou uliuangusha ukoo wa Shang, nao ukalazimika kujieleza: kwa nini waasi watawale? Jibu lao lilikuwa kwamba Mbingu humkabidhi mtu nchi kwa sababu ya wema wake, na akiwa dhalimu humnyang'anya na kumpa mwingine. Njaa, mafuriko na maasi vikasomwa kuwa onyo kwa aliyeketi juu.

Confucius, aliyeishi kati ya 551 na 479 KK, aliligeuza wazo hilo kuwa malezi ya kila mtu. Alifundisha kwamba utu hujengwa katika mahusiano: mzazi na mtoto, mkubwa na mdogo, mtawala na mtawaliwa, rafiki na rafiki. Kila upande una wajibu. Mtoto humheshimu mzazi, na mzazi naye hana budi kuwa mzazi kweli. Adabu, salamu, mazishi na matambiko vilikuwa kwake shule ya moyo, kwa sababu mwili ukizoea heshima, nia hufuata.

Mencius, aliyeishi katika karne ya 4 KK, alikwenda mbali zaidi. Alishikilia kwamba wananchi ndio wenye uzito mkubwa katika nchi, na mtawala ndiye mwenye uzito mdogo. Alipoulizwa kama ni halali kumuua mfalme, alijibu kwa maana hii: anayevunja utu na haki hana tena sifa ya kuitwa mfalme. Mafundisho hayo yaliwachoma watawala kwa karne nyingi. Baba yake Yongle, mwanzilishi wa ukoo wa Ming, aliagiza mwaka 1394 itolewe chapa ya kitabu cha Mencius iliyoondolewa sehemu 85 zilizomuudhi.

Ndiyo maana jibu la Yongle kuhusu twiga linastahili kukumbukwa. Wakuu walipoomba ruhusa ya kumwandikia pongezi kwa ajili ya twiga wa Bengal, alikataa. Aliwataka wachape kazi usiku na mchana kwa manufaa ya watu, kwani serikali ikiwa njema haipungukiwi kitu kwa kukosa qilin. Twiga wa Malindi alipofika, alitoka kumpokea, lakini sifa akazielekeza kwa marehemu baba yake, na mawaziri akawaambia wajibu wao ni kumkumbusha makosa yake. Alikuwa mtawala mkatili, na pengine maneno hayo yalikuwa ya siasa. Hata hivyo yanaonyesha lugha ambayo hata mkatili alilazimika kuitumia mbele ya watu wake.

Njia, Buddha na bahari

Fikra za Kichina hazikuishia kwa Confucius. Walimu wa Dao, yaani Njia, waliona kwamba adabu nyingi na sheria nyingi humchosha mwanadamu na kumtenga na maumbile. Kitabu kinachohusishwa na Laozi, na kile cha Zhuangzi wa karne ya 4 KK, vinamhimiza mtu aache kulazimisha mambo, afuate mwendo wa asili, na ajue kwamba kilicho laini hudumu kuliko kigumu. Baadaye mafundisho hayo, yaitwayo Utao, yakawa dini kamili yenye makuhani, mahekalu, tiba na miungu mingi. Kutoka India, katika karne ya 1 baada ya Kristo, ukaja Ubuddha na mafundisho yake juu ya mateso, huruma na kuzaliwa upya.

Wachina wengi hawakuona haja ya kuchagua moja na kutupa mengine. Mtu aliweza kufuata Confucius ofisini, kumwita kuhani wa Kitao mtoto akiugua, na kumwita mtawa wa Kibuddha kwenye msiba. Hali hii huonekana vizuri katika maisha ya Zheng He, amirali aliyeongoza safari saba kati ya 1405 na 1433, ambazo baadhi zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Alizaliwa katika familia ya Kiislamu ya Yunnan, na babu yake alikuwa alhaji. Pamoja na hayo, mwaka 1431, kabla ya safari ya mwisho, msafara wake ulisimamisha mawe ya kumshukuru Tianfei, mungu wa kike wa mabaharia. Jiwe jingine, lililochongwa mwaka 1409 na kugunduliwa Galle, Sri Lanka, mwaka 1911, limeandikwa kwa Kichina, Kitamil na Kiajemi. Kila lugha inataja sadaka kwa mpokeaji wake: Buddha, mungu wa Kihindu, na Allah.

Pwani ya Afrika Mashariki ina alama za enzi hiyo. Kauri za China zilipamba misikiti na makaburi ya nguzo, kama lile la Mambrui karibu na Malindi. Sarafu za zama za Yongle zilifukuliwa Mambrui mwaka 2010 na kisiwani Manda mwaka 2013.

Wafu wasiosahaulika

Chini ya mafundisho yote hayo kuna kitu cha kale kuliko yote: heshima kwa mababu. Maandishi ya kale zaidi ya Kichina tunayoyajua yameandikwa kwenye mifupa ya bega la ng'ombe na magamba ya kobe yaliyofukuliwa Anyang. Wafalme wa Shang waliipasha moto mifupa hiyo hadi ikapasuka, kisha wakasoma nyufa zake kujua majibu ya mababu. Maswali yalihusu mvua, mavuno, vita, ugonjwa na kujifungua.

Desturi ya kuwaheshimu wafu imefika Afrika Mashariki. Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kuna makaburi ya Wachina zaidi ya 60, wengi wao waliofariki wakijenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kati ya 1970 na 1975. Mwanzoni mwa Aprili, katika siku za Qingming, Wachina husafisha makaburi ya wazee wao. Wale wa Dar es Salaam huenda Gongo la Mboto na mashada ya maua kuwainamia wenzao.

Wakatoliki wa Katana na Bukavu, hapa kwetu Kivu Kusini, wana sababu ya kuijua historia ya heshima hii kwa mababu kwa undani. Padre Mjesuiti Matteo Ricci, aliyeingia China mwaka 1583, aliona kwamba Mkristo anaweza kuwaheshimu mababu bila kuabudu sanamu. Wamisionari wengine walimpinga, na Papa Clement XI akapiga marufuku ibada hizo mwaka 1704, kisha tena mwaka 1715. Kaisari Kangxi naye, kwa hasira, akazuia mahubiri ya Kikristo. Roma ililegeza msimamo mwaka 1939 tu. Hapa Bushi, nchi ya Bashi, wamisionari waliwakuta wenyeji wakimjua Mungu kwa jina la Nyamuzinda, wakiitambikia mizimu na kumwendea roho Lyangombe, nao wakapambana na mila hizo. Ilikuwa mwaka 1988 ndipo Roma ilipoidhinisha misa ya Zaire, ambamo mababu wa moyo mnyofu huitwa pamoja na watakatifu. Wachina na Wakongo walipita katika shule moja ngumu.

Kazi ya Lwiro

Kuchunguza mila kama hizo si jambo geni hapa: taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947 na kujengwa hapa Lwiro, iliyoitwa IRSAC, haikuchunguza wadudu, samaki na mitetemeko ya ardhi peke yake. Wanahistoria na wanaanthropolojia kama Jan Vansina na Daniel Biebuyck waliifanyia kazi katika miaka ya 1950, wakiandika masimulizi, koo na matambiko ya Afrika ya Kati. Leo ni kituo cha sayansi ya asili, CRSN, na tunajivunia. Lakini kazi ile ya kuandika fikra za watu lazima iendelee, hapa na katika vyuo vikuu vya Bukavu. Bushi ina mengi ya kuweka mezani. Mwami, yaani mfalme, aliyeongoza sherehe ya mubande alibeba dhamana ya mtama na uhai wa nchi nzima, na kalinzi, mkataba wa kimila wa ardhi, iliwafunga mwenye ardhi na mkulima kwa wajibu. Mencius angeuelewa wajibu huo mara moja.

Wachina tunaokutana nao Kivu leo, madukani na kwenye machimbo ya dhahabu, tunawajua kwa bidhaa na mashine zao. Tunapaswa kuwajua pia kwa vipimo ambavyo wazee wao waliwawekea. Kijana wa Katana akimsoma Mencius, ataweza kumuuliza mwekezaji, kwa mizani ya mwekezaji mwenyewe: mto ulio chini ya machimbo yako uko katika hali gani, na watu wanaokaa kando yake wamepata nini? Kisha awageukie viongozi wetu wa Bukavu na Kinshasa, awaulize vilevile, akijua kwamba utawala bila manufaa ya wananchi haujawahi kuwa na idhini, China wala Bushi.