Njia za Kupanda Kilimanjaro

Njia kongwe ya kupanda Mlima Kilimanjaro ni ya Marangu. Huko ndiko Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wa Austria walikoanzia safari iliyowafikisha kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Kwa Meyer hilo lilikuwa jaribio la tatu: mwaka 1887 barafu ilimrudisha, na mwaka uliofuata vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilimkwamisha kabla hajaufikia mlima. Mwenyeji wao alikuwa Mangi (mtawala) Marealle, na aliyewaongoza, kama Marangu inavyokumbuka, ni kijana wa hukohuko, Yohani Kinyala Lauwo. Ni dhuluma kubwa ya historia hiyo kwamba Lauwo alipewa heshima yake waziwazi akiwa tayari mzee sana, mlima ulipoadhimisha miaka 100 tangu kupandwa.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na wageni wakaongezeka. Wajerumani walijenga vibanda viwili vya kulala, wakavipa majina ya Bismarck na Peters. Leo vinaitwa Mandara na Horombo, majina ya watawala wa Wachaga, na hayo ndiyo yanayostahili kuwa mlimani. Kibanda cha tatu, Kibo, kipo kwenye mita zipatazo 4,700. Wapandaji huondoka hapo usiku wa manane, kokoto za mteremko zikiwa zimeshikwa na baridi; jua likishapanda hulegea, kila hatua ikarudi nyuma nusu. Mteremko huo huishia Gillman, kwenye mita 5,685, mahali palipopewa jina la Clement Gillman, mhandisi wa reli. Mwaka 1927 Sheila MacDonald alikuwa mwanamke wa kwanza kufika kileleni. Usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliusimika Mwenge huko juu, na kilele kikaitwa Uhuru.

Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi 1977. Wakati huo Marangu haikuwa peke yake tena: njia ya Umbwe ilikuwa imepasua msitu kwa mkato mkali, na Machame ikaja kuipita Marangu kwa wingi wa wageni. Waongozaji huiita Marangu "Coca-Cola", kwa kuwa soda huuzwa vibandani, na Machame "Whiskey", kwa ukali wake. Machame hulalwa kwenye mahema. Faida yake ni kwamba mpandaji hufika Lava Tower, kwenye mita zipatazo 4,600, kisha hushuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mwili huzoea hewa nyepesi kwa kupandishwa juu na kulazwa chini. Marangu kwa siku tano haitoi nafasi hiyo, na wengi huishia Gillman wakitapika. Njia ya Mweka imebaki ya kushukia tu.

Upande wa magharibi barabara ya magari ilipandishwa hadi uwanda wa Shira. Urahisi huo ulikuwa mtego, kwani mgeni alianza kutembea akiwa juu mno. Njia ya Lemosho ilirekebisha kosa hilo kwa kuanzia msituni na kuchukua siku saba au nane. Juu zaidi, njia ya Western Breach ilifungwa baada ya mawe kuporomoka Januari 2006 na kuua wapandaji watatu Wamarekani. Ilifunguliwa tena baadaye, ikiwa imerekebishwa.

Mwaka 2019 Serikali ilitangaza kufikiria magari ya kuning'inia kwenye nyaya. Waongozaji na wapagazi waliupinga mpango huo kwa hoja nzito. Mgeni mmoja wa miguu hulala mlimani usiku kadhaa na huhitaji mwongozaji, mpishi na wapagazi wa kubeba hema, chakula na maji, ambao kila mmoja hutakiwa asipewe zaidi ya kilo 20. Mgeni wa waya angepanda asubuhi na kurudi Moshi jioni ileile.