Miamba ya Chaza katika Ghuba ya Chesapeake: Makazi Yajengwayo kwa Magamba

Ghuba ya Chesapeake, iliyoko pwani ya mashariki ya Marekani, ina urefu wa takriban kilomita 320 na imezungukwa na majimbo ya Maryland na Virginia. Humo maji baridi ya Mto Susquehanna na mito mingine mingi hukutana na maji ya chumvi ya Bahari ya Atlantiki. Katika mchanganyiko huo huishi chaza wa mashariki, kiumbe asiyetembea wala kuogelea akishakomaa, lakini ambaye maisha ya viumbe wengi wa ghuba hiyo humtegemea.

Jinsi mwamba unavyojengwa

Chaza huanza maisha akiwa kiluwiluwi kidogo sana kinachoelea majini kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Baada ya hapo hutafuta kitu kigumu, hujigandisha juu yake, na hahami tena. Katika pwani ya Afrika Mashariki, chaza huonekana wakiwa wameshikamana na mawe au mizizi ya mikoko. Chesapeake haina mikoko, na sehemu kubwa ya sakafu yake ni tope na mchanga. Hivyo, mahali palipo bora kwa chaza mchanga ni juu ya gamba la chaza aliyemtangulia. Kizazi kipya hukaa juu ya kizazi kilichopita, na kwa miaka mingi rundo hilo huinuka kutoka kwenye tope na kuwa mwamba.

Wakazi wa mwamba

Nyufa zilizo kati ya magamba ni nyumba ya viumbe wa kila namna. Kome na anemoni hujishikiza juu ya magamba, ilhali minyoo wa baharini, kaa wadogo wa topeni na uduvi hujificha ndani yake. Samaki wadogo wa jamii ya gobi na bleni hutaga mayai ndani ya magamba matupu ya chaza waliokufa.

Mkazi mashuhuri zaidi ni samaki-chura, mwenye kichwa kipana na rangi inayofanana na ya mwamba. Wakati wa kuzaliana, dume huchagua pango na kutoa sauti nzito kama honi ya meli ili kumwita jike. Jike akishataga huondoka, na dume hubaki kulinda mayai na watoto kwa wiki kadhaa.

Wingi huo wa viumbe huwavuta wawindaji. Kaa wa buluu, ambaye ni tegemeo kubwa la wavuvi wa ghuba hiyo, huja kutafuta chakula na maficho. Samaki wakubwa wenye milia huzunguka pembezoni wakiwinda samaki wadogo. Maji yanapokupwa, ndege mla-chaza hutumia mdomo wake mrefu wa rangi ya chungwa kufungua magamba. Wapo pia konokono watoboao gamba la chaza ili kula nyama iliyomo.

Aidha, chaza husafisha maji. Huvuta maji kupitia matamvua yake na kunasa mimea midogo sana ielelayo, ambayo ndiyo chakula chake. Katika mazingira mazuri, chaza mmoja aliyekomaa huweza kuchuja hadi lita 190 za maji kwa siku. Maji yanapokuwa angavu, mwanga wa jua huzifikia nyasi za baharini zilizoko chini, nazo huwa malezi ya samaki na kaa wengine.

Sababu za kuporomoka

Uvunaji wa chaza Chesapeake ulifikia kilele katika miaka ya 1880. Zana za chuma zilizokokotwa na mashua zilisawazisha miamba iliyokuwa imeinuka. Magamba nayo hayakurudishwa majini, bali yalichomwa kuwa chokaa au kutandazwa barabarani. Kwa njia hiyo, waliovuna chaza waliondoa pia msingi ambao kizazi kilichofuata kingejenga juu yake. Matope yaliyoletwa na mito kutoka mashambani yalifukia sehemu ya miamba iliyosalia. Katikati ya karne ya 20 yalizuka maradhi mawili, Dermo na MSX, yasiyomdhuru binadamu lakini yaliyoua chaza wengi. Idadi iliyopo leo ni sehemu ndogo tu ya ile ya zamani.

Juhudi za kurejesha

Mwaka 2014, serikali kuu ya Marekani na majimbo husika yalitia saini makubaliano yaliyoweka lengo la kurejesha miamba ya chaza katika mito 10 ya ghuba hiyo ifikapo mwaka 2025. Katika Harris Creek, jimboni Maryland, takriban hekta 140 zilishughulikiwa na mbegu za chaza zaidi ya bilioni 2 zilipandwa. Mbegu hizo huzalishwa katika matangi yenye magamba yaliyosafishwa. Viluwiluwi vikishajigandisha, magamba hayo hupelekwa majini. Baadhi ya magamba hukusanywa kutoka kwenye mikahawa.

Hatua hiyo ndiyo funzo kuu la Chesapeake. Kupunguza uvunaji pekee hakutoshi pale ambapo msingi umekwisha kuondolewa, kwa kuwa chaza mchanga anayeangukia tope hufa. Gamba tupu, ambalo kwa mlaji ni taka, kwa chaza ajaye ni kiwanja cha kujenga, na kwa samaki-chura ni paa la kulelea watoto.